Bwana Msa na Deni la Sherlock Holmes

Kuna kauli iliyozoeleka kila inapojadiliwa riwaya ya upelelezi: eti Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyefundishwa Kiswahili. Kauli hii ina ukweli, lakini inafunga mjadala pale ulipopaswa kuanza.

Muhammed Said Abdulla (1918–1991) alikuwa mtu wa magazeti. Alihariri Zanzibari, na tangu 1958 akahariri Mkulima. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957/58, ikachapishwa 1960. Alama za Arthur Conan Doyle zimo waziwazi: kiko mdomoni, Najum akiwa rafiki wa kuuliza maswali kama Watson, na Inspekta Seif wa kupitwa na mpelelezi asiye na cheo. Kwa upande wa fani, basi, deni lipo. Tusibishane.

Swali langu ni la maudhui. Katika The Hound of the Baskervilles (1902), Holmes anabaini kwamba jinni-mbwa anayeogopwa ni mbwa wa kawaida aliyepakwa dawa ya kung'aa, na nyuma yake yupo mtu mwenye tamaa ya urithi. Abdulla anafuata njia hiyo hiyo: maiti inakutwa mzimuni, watu wanatetemeka, Bwana Msa peke yake anatafuta mkono wa binadamu. Ajabu ni kwamba Doyle mwenyewe uzeeni aliamini roho za wafu na kuzunguka dunia akizihubiri. Mwanafunzi wa Zanzibar akawa mshupavu kuliko mwalimu wake! Nadhani hapo uhariri unaonekana: mtu wa gazeti huuliza nani, lini na kwa nini, wala hakubali jibu la “ni mizimu tu”.

Sisi wa pwani hii, toka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, jambo hili si hadithi ya kupitishia muda. Wapo watu nchini waliouawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingine kilichotakiwa kilikuwa shamba. Woga ni pazia zuri la mhalifu. Kwa kulifunua, Abdulla ametufaa kuliko wahakiki wanaoiita kazi yake riwaya pendwa halafu wakapita zao.

Hata hivyo, sikubaliani naye kwa kila kitu. Jinni-mbwa wa Doyle ni mkosi wa ukoo mmoja wa kitajiri. Mzimu ni mali ya kijiji kizima. Huku kwetu mzimuni watu hufanya tambiko, huombea mvua na wagonjwa, na miti ya hapo haikatwi ovyo. Hivi kweli yote hayo ni ujinga mtupu? Bwana Msa anauona mzimu kama maficho tu ya siri ya mtu. Heshima iliyowaleta watu pale haichunguzi. Hapo ndipo kiolezo cha kigeni kilipombana mwandishi: fumbo likishafumbuliwa, kijiji hakina tena la kusema.

Kwa hiyo mimi simlaumu Abdulla kwa kukopa. Kukopa si wizi, na mkopo huu umelipwa kwa Kiswahili kitamu mno. Kazi iliyobaki ni ya kizazi chetu: kuandika mpelelezi atakayemkamata muuaji bila kuwadharau wenye mzimu.