Sifa za Fundi wa Waya

Katika sanaa zinazotutoka mikononi bila ya kuliliwa, sijui inayonihuzunisha kuliko ile ya fundi wa waya ambaye, akiitwa kwenye mtambo uliogoma, huusoma msimbo wa hitilafu ulioandikwa kwenye kioo, kisha, kabla ya kumtuma mtu yeyote dukani, huutafuta ukweli wake kwa mita, kwa taa ya kupimia na kwa subira. Seremala wa milango ya Lamu na Unguja husifiwa, na anastahili, maana nakshi yake huonekana na kila mpita njia. Kazi ya fundi huyu hukaa chini ya kiti na nyuma ya mabati, na ikiwa njema haionekani kabisa: mtambo huwaka asubuhi, watu wakaenda zao, na jina lake halitajwi.

Mitambo ninayoikusudia ni ile midogo, kijiko cha tani mbili tatu kinachochimba mtaro wa bomba, na kile kipakiaji kifupi kinachogeuka papo hapo kiliposimama, ambavyo huingia vichochoroni ambamo mtambo mkubwa hauna njia. Asili ya kipakiaji hicho ni ya unyenyekevu. Mwaka 1957, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ndugu wawili, Louis na Cyril Keller, waliunda kimashine cha magurudumu matatu kwa ajili ya mfugaji aliyetaka kusafisha mabanda yake ya batamzinga. Kompyuta haikuwamo, na mtu mwenye akili timamu aliweza kuufuata umeme wake kwa kidole tangu betri hata mwisho. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikatangaza njia ya kuziwezesha kompyuta za gari kupashana habari kwa jozi moja ya waya, na njia hiyo ikaenea baadaye hata kwenye mitambo ya ujenzi. Tangu hapo mtambo ukaweza kuieleza taabu yake kwa nambari, na hiyo ilikuwa neema kubwa ambayo mimi siikatai hata kidogo.

Katika mpango unaofuatwa na injini nyingi za dizeli, msimbo huwa na nambari mbili. Ya kwanza hutaja kitu kinacholalamikiwa: 100 ni shinikizo la oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupoza, 168 ni volti ya betri. Ya pili hutaja namna ya lalamiko: 3 ni volti iliyozidi, 4 ni volti iliyopungua, 5 ni mkondo mdogo kupita kiasi, ambao aghalabu ni dalili ya njia iliyokatika. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wakiona 110 na 3 husema sensa ya joto imekufa, na mara pesa zimetoka mfukoni, ilhali msimbo umesema tu kwamba kompyuta imeona volti nyingi katika njia ya sensa hiyo. Nayo volti nyingi huweza kuletwa na sensa mbovu, na waya uliokatika, na soketi iliyolegea, na ethi iliyooza. Msimbo ni mdai aliyefika mbele ya kadhi: ana haki ya kusikilizwa, na mara nyingi ana jambo, lakini hakuna kadhi mwadilifu anayehukumu kwa neno la mdai peke yake.

Mzee mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi nimependa kumtazama akiwa kazini, aliletewa kijiko chenye msimbo huohuo wa 110 na 3, na mwenye mtambo alifika akiwa ameshika sensa mpya ndani ya boksi lake. Mzee hakulitazama boksi. Alimwuliza kwanza mwendeshaji: msimbo huja injini ikiwa baridi au ikiwa moto, huja baada ya mvua, mtambo uliwahi kuchomelewa au kuoshwa kwa maji ya nguvu? Majibu yote aliyaandika katika daftari, pamoja na misimbo mingine iliyokuwamo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa kuwa kwake yeye kufuta msimbo kabla ya kuuandika ni sawa na kuchoma barua kabla ya kuisoma. Kisha akaichomoa soketi ya sensa, akachukua kipande kifupi cha waya, akayaunganisha matundu mawili ya soketi, akamwambia mwanagenzi wake afungue swichi na asome.

Msomaji aliyeizoea kazi hii atajua uzuri wa jaribio hilo. Sensa ya joto ya waya mbili hulishwa na kompyuta volti 5 kupitia kizuizi kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe. Ukiichomoa, kompyuta huona volti imepanda, na ukiziunganisha waya zake, huiona imeanguka. Basi ikiwa waya ni nzima, msimbo wa 3 lazima ugeuke kuwa wa 4, na hapo sensa ndiyo yenye kosa. Ikiwa haukugeuka, sensa haina hatia. Hilo hujulikana kwa kipande cha waya kisichofika hata thamani ya kikombe cha kahawa.

"Fundi, bado tatu," alisema mwanagenzi.

"Basi sensa haina kosa, mwanangu. Tufuate waya. Nawe bosi, kwa hisani yako, hiyo sensa irudishe dukani."

Betri ikafunguliwa, mita ikawekwa kati ya soketi na plagi ya kompyuta, na waya mmoja ukakataa kujibu. Ulifuatwa pole pole mpaka nyuma ya injini, mahali ambapo fungu la waya lilikuwa limeviringishiwa tepu nyeusi. Ilipobanduliwa, pakaonekana tundu dogo la sindano katika ganda la waya: fundi mwingine, siku za nyuma, aliuchoma ili apime, akaridhika, akaziba kwa tepu, akaenda zake. Lakini hewa ya pwani yetu ina chumvi, na chumvi hiyo haihitaji mlango mpana. Iliingia kwa tundu lile, ikaila shaba kimya kimya, na mzee alipolipasua ganda, shaba ikapukutika vidoleni mwake ikiwa unga wa kijani. Aliikata sehemu iliyooza mpaka akaifikia shaba nyekundu, akaunga kwa risasi, akavika mpira unaonywea ukipata moto, akafuta msimbo, kisha akangoja injini ipate joto ili ahakikishe kuwa haurudi. Yeye mwenyewe hachomi waya. Hupima kwa nyuma ya soketi, kwa pini nyembamba, na hapo alipopima huwezi kupajua.

Nimeitaja mita, lakini moyo wangu uko zaidi kwenye taa ya kupimia, ile yenye balbu ndani ya mpini, ambayo vijana wengi sasa huiona ni chombo cha kizamani. Waya wa kulisha solenoidi ya mafuta unaweza kuwa umeoza ndani hata ukabaki na mguso hafifu tu, na mita, kwa kuwa haitaki mkondo wa maana kutoka kwenye waya ule, itakuonyesha volti 12 kamili na kukuapia kuwa njia ni nzima. Weka balbu mahali pa solenoidi uone: itawaka wekundu hafifu, au haitawaka kabisa, maana mguso hafifu hauwezi kubeba mzigo. Kwa hiyo mzee hupima kwa mita, kisha huithibitisha mita kwa taa. Wala taa hiyo haigusi nyaya nyembamba za kompyuta, ambazo hazikuumbwa kuwasha balbu. Adabu ya chombo ni kujua pia mahali kisipotakiwa.

Misimbo ikija mingi kwa pamoja, sensa hii na ile na ile, fundi mpotevu huona maradhi kumi, na fundi stadi hutafuta chanzo kimoja: ethi wanayoshirikiana, au volti 5 iliyovutwa chini na sensa moja yenye shoti. Kompyuta zikiacha kusikilizana, huzima swichi na kupima kati ya zile waya mbili zilizosokotwa za kupashana habari. Omu 60 ni salama, kwa kuwa vizuizi viwili vya omu 120 vimekaa kila kimoja katika ncha yake, na akiona 120 anajua kuwa kimoja kimepotea njiani. Msimbo ukija tu mkono wa mtambo unapoinuliwa, huenda moja kwa moja kwenye maungio, ambako waya hukunjwa kila mara.

Elimu hii haikuandikwa ukutani. Ilipokewa na wanagenzi waliokaa miezi mingi wakishika taa na kusoma mita kabla ya kuruhusiwa kukata waya. Leo mwanagenzi hupewa kifaa cha kufutia misimbo siku ya kwanza, na kazi yake ni kufuta, kubadilisha, na kufuta tena. Akishindwa na swichi ya kiti au ya nondo ya usalama, huunga waya moja kwa moja ili mtambo utembee, na asijue kuwa amekiondoa kile kilichowekwa ili mikono ya chuma isishuke juu ya binadamu. Tendo hilo silioni kuwa ni ufundi mbaya, naliona ni dhuluma. Waya huachwa uning'inie karibu na ekzosi. Plagi hurudishwa bila mpira wake wa kuzuia maji. Mtambo huoshwa kwa maji ya nguvu hata ndani ya sanduku la fyuzi, na mvua ya masika inapoanza watu hustaajabu.

Wala siwalaumu vijana peke yao, kwa kuwa wao hufuata palipo na malipo. Mwenye mtambo hulipa bila kunung'unika laki kadhaa kwa sensa asiyoihitaji, kwa sababu amekiona kitu na kukishika. Lakini akiambiwa alipe kwa asubuhi moja ya kupima, husema fundi hakufanya lolote. Kwa hesabu ya namna hiyo mzee wa Gerezani hana wa kumrithi. Basi wewe mwenye mtambo, fundi akikuomba saa ya kupima kabla ya kukupeleka dukani, mpe saa hiyo, na umlipe ujira wake kamili hata kama alichokibadilisha mwishowe ni shibiri moja ya waya.