Mgongo wa Dari: Uhakiki wa Maandishi kuhusu Ufungaji wa Urembo wa Jasi Yenye Nyuzi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ufungaji wa urembo wa jasi yenye nyuzi ulivyoandikwa katika maandishi ya aina tatu: ensaiklopidia, miongozo ya utunzaji wa majengo, na orodha rasmi za kazi. Hoja yake ni kwamba maandishi hayo kwa kawaida humtambua fundi kwa uso wa dari, ilhali sehemu kubwa ya ujuzi wake imo mgongoni, mahali pasipoonekana tena dari ikishafungwa. Hoja hiyo inagusa moja kwa moja mipango ya kurasimisha ujuzi wa mafundi katika nchi za Afrika Mashariki.

Kazi yenyewe

Mafundi wa Uingereza wameipa jasi yenye nyuzi jina la utani ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "fito na kitambaa". Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina hilo linaeleza zaidi kuliko jina rasmi, maana anayeijua nyumba ya fito na udongo tayari anaijua kanuni yake: kiunzi chembamba hubeba, na kinachokandikwa hujaza na kupamba. Mwaka 1856 Mfaransa Leonard Alexander Desachy alipata hataza ya mbinu hiyo nchini Uingereza, na kabla karne haijaisha ilikuwa imeenea katika dari za majumba ya tamthilia na kumbi za London. Sababu mojawapo ilikuwa wepesi. Kipande cha jasi tupu chenye ukubwa wa mlango hakibebeki bila kuvunjika. Kikitiwa kitambaa cha gunia na fito, unene wake waweza kupunguzwa hadi milimita chache, na mafundi wakakipandisha jukwaani kikiwa kizima.

Utengenezaji wa kipande hicho umeelezwa mara nyingi na hauhitaji maneno mengi hapa. Jasi iliyookwa ili kupoteza sehemu kubwa ya maji yake huchanganywa na maji na kupakwa kwa brashi ndani ya kalibu. Tabaka la pili hufuata, likiwa na gundi kidogo ili lisigande upesi. Kisha kitambaa hulazwa, fito huzamishwa, na kipande hung'olewa kikishaganda. Nchini Australia nyuzi za katani zilichukua nafasi ya kitambaa, na karakana za Afrika Mashariki nazo huzitumia, pamoja na nyuzi za kioo. Eneo ambalo limelima katani tangu mwaka 1893 halina upungufu wa malighafi. Upungufu uko kwingine.

Ufungaji ni habari nyingine kabisa. Chumba halisi ni nadra kuwa mraba kamili, na boriti zake ni nadra kuwa katika usawa mmoja. Fundi hutafuta mstari wa katikati, hupiga uzi wa chaki, na kugawa vipande kutoka katikati kwenda kuta, ili kasoro ya ukuta ulioenda upande iangukie pembeni, mahali ambapo jicho haliigundui kwa urahisi. Ua lililokatwa nusu katika kipande kimoja sharti likutane na nusu yake katika kipande kinachofuata, na kosa la milimita mbili kwenye kiungo cha kwanza hukua kila kiungo kinapoongezwa. Skrubu hupitishwa kwenye fito, si kwenye jasi pekee, tena iwe imepakwa zinki, kwa kuwa jasi mbichi hukitia chuma kutu. Viungo huzibwa kwa ukanda wa kitambaa na jasi, kisha mchoro uliokatika huchongwa upya kwa mkono hadi mpaka upotee.

Dari iliyopinda, au iliyo mbali na boriti, haifikiwi na skrubu, huning'inizwa. Fundi hupanda juu yake, ndani ya paa, huchovya ukanda wa gunia katika jasi mbichi, huuzungusha kwenye boriti au waya, na kuubandika mgongoni mwa kipande mpaka ugande. Ukishaganda huwa kamba na msumari kwa pamoja. Hapa ndipo ujuzi na uaminifu visipotenganishika. Jasi iliyoanza kuganda, kisha ikakorogwa tena kwa kuongezewa maji, hukauka ikiwa na sura ileile ya jasi nzuri, lakini nguvu yake imepotea. Fundi makini huimwaga. Fundi mwenye haraka huitumia. Aliyesimama chini, akitazama maua na mizabibu ya dari, hana njia ya kuwatofautisha wawili hao.

Kishazi kimoja cha mwaka 1911

Toleo la 11 la Encyclopaedia Britannica, la mwaka 1910 na 1911, linaizungumzia jasi yenye nyuzi katika ingizo lake kuhusu lipu. Ni maandishi mafupi na yenye nidhamu. Yanalitaja jina la utani la mafundi, yanaeleza kitambaa kinavyotandazwa juu ya mbao, na yanaorodhesha matumizi: kona za dari, maganda ya kupamba nguzo na mihimili, majengo ya muda ya maonyesho. Yanapoufikia ufungaji, yanasema tu kwamba kazi hufanyika karakanani na kisha hufungwa mahali pake. Basi. Neno "kisha" limepewa mzigo wa siku nyingi za jukwaani.

Sarufi ya kishazi hicho inastahili kuangaliwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na kinachotendwa ni urembo. Mtenda hayupo. Msomaji anabaki na picha ya kitu kilichokwisha kukamilika karakanani, ambacho kukipandisha darini ni suala la uchukuzi tu. Kwa haki, ensaiklopidia haikuandikiwa mafundi, na mwaka 1911 uanagenzi ulikuwa bado hai: aliyehitaji kujua jinsi ya kufunga alijifunza kwa kumshikia fundi mkuu ndoo. Tatizo la utetezi huo ni kwamba uanagenzi hupungua, maandishi hubaki. Kizazi kinachokuja baadaye hurithi kishazi bila kurithi ndoo. Kitabu kikubwa cha William Millar cha mwaka 1897 kina thamani ya namna nyingine kwa sababu mwandishi wake alikuwa mpiga lipu mwenyewe. Maelezo yake yana uzito wa vifaa na mikono, jambo ambalo ensaiklopidia haikulikusudia.

Apollo na miongozo iliyofuata

Jioni ya tarehe 19 Desemba 2013 sehemu ya dari ya Apollo Theatre, jengo lililofunguliwa mwaka 1901 katika barabara ya Shaftesbury Avenue, London, iliwaangukia watazamaji onyesho likiendelea. Zaidi ya watu 70 waliumia, hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye vifungio vya kitambaa na jasi vilivyokuwa vimechakaa kwa umri. Kilichoshindwa hakikuwa ua wala kona. Kilikuwa ni ule ukanda wa gunia ambao mtu fulani aliuchovya, akauzungusha, akaubandika, wala hakuna ensaiklopidia iliyomtaja.

Mwaka 2015 chama cha wataalamu wa ufundi wa majumba ya tamthilia nchini humo, ABTT, kilitoa mwongozo kuhusu ukaguzi wa dari za aina hii, vyeti vyake na utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka 2019 Historic England ilitoa mwongozo mpana zaidi juu ya utunzaji na usimamizi wa jasi ya kihistoria yenye nyuzi. Miongozo hii imefanya jambo ambalo maandishi ya awali hayakulifanya: imempandisha msomaji juu ya dari. Kifungio, ambacho hapo awali hakikuwa na nafasi katika sentensi, sasa ndicho kiini cha hoja, na unyevu, mtikisiko na mzigo ulioongezwa vinajadiliwa kwa uzito unaostahili.

Hata hivyo msomaji anayekusudiwa ni mwenye jengo, msimamizi na mkaguzi. Fundi anaonekana kwa sura mbili, marehemu aliyeijenga dari na mtaalamu anayeitwa kuikarabati. Msomaji hujifunza kwa undani jinsi kifungio kinavyokufa, lakini hajifunzi kwa kiwango kilekile jinsi kinavyozaliwa. Si haki kuudai mwongozo wa utunzaji uwe mtaala. Ni haki, hata hivyo, kuwaonya washauri wa sera wanaoweza kuuchukua kama ulivyo na kuugeuza kuwa kigezo cha mafunzo, kwa sababu tu ndio andiko bora lililopo mezani.

Orodha za kazi

Uainishaji wa kimataifa wa kazi, ISCO-08, unawaweka wapiga lipu wote, wa kawaida na wa urembo, katika kundi moja lenye namba 7123. Australia na New Zealand, katika uainishaji wao wa ANZSCO uliotolewa mwaka 2006, ziligawa: fundi wa jasi yenye nyuzi alipewa namba 333211, na mpiga lipu wa ukutani 333212. Mgawanyo huo una mantiki nzuri. Mmoja hukandika kitu kinachoshikamana na ukuta wenyewe. Mwingine hufunga kitu kinachoning'inia. Mmoja akikosea, lipu hubanduka. Mwingine akikosea, dari huanguka.

Lakini hata orodha hiyo ya Australia ilikuwa na kitendawili chake. Maelezo ya 333211 yalihusu hasa ufungaji wa mbao za jasi, kuta za kugawa vyumba na dari za kuning'iniza. Jina la zamani lilibaki huku urembo ukiwa umesogea pembeni. Britannica iliuona urembo bila mfungaji, na orodha hii imemwona mfungaji ikampotezea urembo. Ni andiko gani linalomwona mtu mmoja anayefanya yote mawili? Kati ya haya yaliyochunguzwa, hakuna.

Fundi jipsam

Kiswahili nacho hakijamsaidia sana. Kamusi ina "jasi", mtaa una "jipsam" na "jipsamu". Tanzania hupiga lipu, Kenya hupiga plasta. Jina "fundi jipsam" linataja malighafi bila kutaja kitendo, na kwa hiyo humfunika anayemimina kalibu, anayefunga, na anayeziba viungo na kupaka rangi kwa shuka moja. Kuna pia kishawishi cha kumtafutia ukoo katika zidaka za Lamu. Kishawishi hicho kikataliwe. Fundi wa zidaka alichonga chokaa papo hapo, ikiwa imeungana na ukuta wa matumbawe; hakuwa na mgongo wa kuufikiria. Tafiti za majengo ya pwani, kama za Peter Garlake (1966) na Usam Ghaidan (1975), zina utajiri mkubwa, lakini haziwezi kugeuzwa kuwa historia ya dari inayoning'inia Kampala au Dar es Salaam.

Suala hili si la maneno tu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na makubaliano ya mwanzo ya kutambuana sifa yaliwahusu wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Fundi anayevuka Namanga au Gatuna hana karatasi ya namna hiyo. Ana picha kwenye simu, na picha hizo ni za uso wa dari. VETA ya Tanzania ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na fikra hiyo ni njema. Kwa kazi hii mahususi, hata hivyo, upimaji wowote unaotegemea picha au kazi iliyokamilika utarudia kishazi cha mwaka 1911 kwa njia ya cheti: utampa alama aliyechonga ua vizuri na kumpita kimya aliyetumia jasi iliyokufa.

Mtathmini wa fundi huyu anapaswa kufika siku ambayo dari bado iko wazi. Apande jukwaa, aulize ndoo ya jasi ilichanganywa saa ngapi, ahesabu vifungio na aone kila kimoja kimeshikwa na boriti ipi, skrubu ipi imeingia kwenye fito na ipi imeikosa. Picha ya mgongo, ikiwa na tarehe na jina la fundi aliyeufunga, ikabidhiwe kwa mwenye jengo kabla tundu la mwisho halijazibwa.