Mwalimu Asiyeuona Uso wa Mwanafunzi

Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa ana msaada mmoja mkubwa, ambao pengine yeye mwenyewe hautambui: anaziona nyuso za wanafunzi wake. Akisema jambo lisilofahamika, nyuso hukunjana. Akienda mbio, kalamu husimama. Naye papo hapo hurudi nyuma, akaeleza tena kwa maneno mengine. Lakini zama zetu zimeleta mwalimu wa namna nyingine, ambaye sauti yake ilihifadhiwa jana nayo yasikilizwa leo. Humfundisha mtu kutumia programu ya kompyuta kwa kumwonyesha slaidi chache, kisha picha ya skrini yake mwenyewe iliyorekodiwa, kishale kikitembea huku na huko na sauti ikieleza. Mwalimu huyu haoni uso wa mtu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini yeye hata akiulizwa hajibu. Basi, msomaji, na tumpime kwa haki: je, afundisha kweli, au aonyesha tu?

Ili tusipime upepo, natwaa mfano mmoja ulio wazi. Huko India, katika taasisi ya teknolojia ya mjini Mumbai iitwayo IIT Bombay, yalitungwa mafunzo yanayojulikana kwa jina la Spoken Tutorial. Kazi hiyo ilianzishwa chini ya uongozi wa Profesa Kannan Moudgalya, nayo ilisaidiwa kwa fedha za serikali ya India. Kila somo huchukua dakika kumi hivi, na hufundisha jambo moja dogo la programu huria: pengine kuandika barua kwa LibreOffice, pengine kutunga programu kwa lugha ya C. Mafunzo hayo yalikusudiwa mtu anayejifunza peke yake, hata kama hapo alipo hapana mwalimu wa somo hilo.

Tutazame kwanza umbo la somo. Slaidi ya kwanza hutaja jina lake. Inayofuata hueleza yale utakayojifunza. Nyingine hutaja programu inayotumika na toleo lake. Hapo slaidi huondoka, skrini yenyewe ikaingia, na kazi ikaanza. Mwishoni slaidi hurejea na muhtasari na zoezi. Naona mpango huu ni wa busara, maana kila chombo kimepewa kazi yake. Slaidi humwambia mwanafunzi aendako. Skrini humwonyesha njia. Tangu PowerPoint ilipotolewa mwaka 1987, watu wengi wamezoea kuzijaza slaidi maandishi tele, kisha wakayasoma kwa sauti neno kwa neno. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Mayer, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi, akaona kwamba aghalabu watu hujifunza vema zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti, na maandishi yale yale yaliyorudiwa. Sababu si ngumu kuifahamu: macho yanayosoma maandishi hayawezi wakati huo huo kukifuata kishale.

Na ile slaidi inayotaja toleo la programu, ambayo mwenye haraka angeiruka, mimi naihesabu kuwa alama ya uaminifu. Programu hubadilika, kitufe kilichokuwa juu mwaka huu, mwaka ujao kitakuwa kando. Mwanafunzi aliyeonywa mapema hatadhani kwamba yeye ndiye mjinga anapokitafuta kitufe asikione.

Sifa ya pili haionekani kwenye skrini, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kabla ya kurekodi, maneno yote huandikwa, kisha mtu asiyeijua programu hupewa maandishi hayo ayafuate hatua kwa hatua. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hili. Mjuzi husahau kwamba alipata kuwa mgeni. Husema, "Hifadhi faili yako," akadhani amekwisha sema yote. Kumbe mgeni hajui aihifadhi wapi, wala kwa jina gani, wala ataipataje kesho. Mgeni yule anapokwama katika mstari wa sita, kukwama kwake ndiko kule kukunjana kwa uso ambako mwalimu wa darasani hukuona. Mwalimu wa video ameutafuta uso wa mwanafunzi kabla ya kusema, kwa kuwa anajua hatauona baadaye.

Sifa ya tatu ni kwamba somo hujua kunyamaza. Sauti humwambia mwanafunzi asimamishe video, afanye zoezi, kisha aendelee. Hushauriwa aweke madirisha mawili kwenye skrini, moja la somo na moja la kazi yake, ili kila anachokiona kule akitende huku. Mtu hajui kuogelea kwa kutazama waogeleaji kutoka ufuoni.

Sasa tuzitaje kasoro, maana sifa bila lawama si uhakiki. Sauti ya somo mara nyingine huwa tambarare, kama ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa, na hili ni deni linalolipwa kwa kuandika maneno yote mapema. Slaidi za mwisho, zenye shukrani na maelezo ya mradi, hurudiwa somo baada ya somo, hata mwenye masomo kumi akawa amezisikia mara kumi. Tena kazi iliyorekodiwa ni ngumu kutengenezwa: toleo jipya la programu likitoka, picha za zamani hubaki zikimwelekeza mwanafunzi kwenye mlango uliokwisha hamishwa.

Lakini kasoro iliyo nzito zaidi ni ya aina hii yote ya mafunzo, si ya Mumbai peke yake: njia inayoonyeshwa haina mashimo. Mwalimu hubofya, na jambo hutendeka. Mwanafunzi naye hubofya, na jambo halitendeki, na sauti imekwisha enda zake. Hapa naona fahari kulitaja somo la kwanza la lugha ya C katika mafunzo hayo. Mwalimu, baada ya programu yake kufanya kazi, huifuta kwa makusudi alama moja ndogo. Kompyuta hulalamika na kutaja mstari ulio karibu na kosa; mwalimu huusoma ujumbe ule, hulitafuta kosa, na kulisahihisha. Kwa dakika moja hiyo amefundisha zaidi ya kunakili: amefundisha namna ya kupotea na kurudi. Desturi hii haionekani katika kila somo, na laiti ingeonekana!

Limebaki suala la lugha. Mafunzo haya hutiwa sauti za Kihindi, Kitamil na lugha nyingine nyingi za India, ila maneno ya kwenye skrini huachwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo ambayo mwanafunzi atayakuta kazini. Sisi wa Afrika Mashariki tuliwahi kuona njia nyingine: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ambayo vitufe vyake vyenyewe viliandikwa kwa Kiswahili. Wale walitafsiri sauti ya mwalimu. Hawa walitafsiri chombo. Sizidharau njia hizi hata moja. Lakini kama hapana budi kuchagua, ningeanza na mwalimu. Neno la kitufe ni moja, na mtu huweza kulikariri kwa kuliona mahali pake. Bali sababu ya kukibofya huhitaji maelezo, na maelezo huingia moyoni kwa lugha ambayo mtu huifikiria.

Basi, hukumu yangu ni hii: mwalimu asiyeuona uso aweza kufundisha, ila kwa sharti kwamba amemtafuta mwanafunzi wake kabla ya kurekodi, na amemwonyesha kosa pamoja na usahihi. Nawe, msomaji, unapojifunza kwa video, usiridhike kwamba umeimaliza. Ifunge, uianze kazi upya peke yako. Hapo ndipo utakapojua kama ulifundishwa au ulionyeshwa. Na siku utakapotaka kurekodi somo lako mwenyewe, mwite kwanza mdogo wako asiyejua kitu, umketishe mbele ya kompyuta, umsomee maneno yako, kisha usiitazame skrini. Utazame uso wake.