15, 74, 0, 0
Sokoni Butembo, bei ya nonante-cinq huanza na kubwa: tisini, kisha tano. Mjerumani akitamka namba hiyohiyo hutanguliza tano. Hesabu ni moja. Balaa huanza pale mmoja anapotamka na mwingine akaandika tarakimu kwa mfuatano wa masikio yake.

Kompyuta nazo zimegawanyika hivyo katika kupanga baiti, na namba iliyohifadhiwa huku husomwa vingine kule. Kwetu Vulamba, hapa Butembo, jambo hili si la mbali. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilipopita Mangina, Beni, Katwa na Butembo, wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walisoma jenomu za virusi kutoka kwa wagonjwa. Walichapisha mpya 744. Usomaji wa namna hiyo kwa kawaida huhifadhiwa katika faili za BAM. Jenomu rejea ya Ebola ina herufi 18,959. Ndani ya BAM urefu huo hukaa kama baiti nne: 15, 74, 0, 0. Ndogo hutangulia, kwa sababu kanuni ya faili imesema hivyo, mashine iwe ipi. Zisome kinyume, upate zaidi ya milioni 256.

Mwandishi wa programu za lugha ya C aliye na haraka huiuliza mashine kwanza inatanguliza ipi, ndogo au kubwa: anaweka 1 katika kigeu, anachungulia baiti yake ya kwanza. Akichungulia kupitia unsigned char, C inamruhusu. Hatari huja anapopachika kielekezi cha uint32_t juu ya baiti za faili: anwani huenda haikupangika, na kompaila ina haki ya kudhani hayo hayatokei. Programu itafanya kazi kwake leo, kisha ivunjike akibadili mashine au kiwango cha uboreshaji.

Ninachokistahi ni mkono uliotulia katika hts_endian.h, ndani ya htslib, maktaba ya C inayosoma faili za BAM. Njia yake ya kila mashine haiulizi kitu. Inachukua baiti ya kwanza, ya pili inaisogeza biti 8, ya tatu 16, ya nne 24, inaziunganisha. Mpangilio ni wa faili, basi. Mashine iwaze itakavyo.

Angalia pia kitu kidogo kinachopitwa na wengi: kila baiti hugeuzwa uint32_t kabla ya kusogezwa. Bila hivyo C huipandisha kuwa int, na baiti ya 128 au zaidi ikisogezwa biti 24 humwagikia kwenye biti ya alama, mahali ambapo kanuni za C haziahidi lolote. Mabano machache tu, lakini aliyeyaweka alishaona mbali.

Wengine huhofia mwendo. GCC na Clang za sasa huutambua mtindo huo, na kwenye mashine inayotanguliza ndogo kwa kawaida huzikunja hatua zote kuwa usomaji mmoja.