Bastola ya Kiunoni na Bastola ya Mashindano

Bastola ya mashindano na bastola ya kubebwa kila siku hutofautiana hata zinapotoka kiwanda kimoja na kutumia risasi ya aina moja. Ya kwanza hufungwa kiunoni kwa saa chache uwanjani, nje ya nguo au chini ya kizibao, na kazi yake ni kutoboa karatasi upesi bila kukosea. Ya pili hukaa chini ya shati kutwa nzima, na mwenyewe huomba jua litue hajaigusa. Nchini Kenya mara nyingi bastola hizo mbili ni moja. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimruhusu raia kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Mwombaji hana budi kuonyesha sababu ya maana ya kuihitaji silaha, akili yake iwe timamu, na kumpa silaha kusihatarishe usalama wa wengine. Cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi, nacho huhuishwa kila mwaka. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wamiliki wote wahakikiwe upya, na shughuli hiyo ikaendelea mwaka uliofuata. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyepewa cheti kwa sababu ya usalama wake hatajaza kabati la bastola kama mlengaji wa Marekani. Ataenda uwanjani na ile ile anayofunga safari nayo asubuhi, kwa hiyo uchaguzi wake una uzito zaidi.

Ulengaji wa bastola wenyewe una matawi mawili makuu. Lile la Olimpiki husimamiwa na shirikisho la kimataifa la ulengaji, ISSF: mlengaji husimama wima, mkono mmoja mbele, na katika bastola ya upepo ya mita 10 duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 11.5 tu. Bastola hizo ni vyombo vya uwanjani, na hakuna anayeziweka kiunoni. Tawi la pili ni la ulengaji wa vitendo. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Baada ya miaka ishirini baadhi ya walengaji waliona kuwa mchezo huo umegeuka mbio za magari ya kifahari, bastola zikiwa zimepambwa kiasi cha kutobebeka tena, wakaunda shirika lao, IDPA, mwaka 1996. IDPA humtaka mshindani atoe bastola ya kawaida kutoka chini ya nguo, ajikinge nyuma ya kizuizi, na asifyatue zaidi ya risasi 18 katika zoezi moja. Matokeo huhesabiwa kwa muda, na kila alama inayopotea huongeza sekunde moja. Kwa Mkenya mwenye bastola moja huu ndio mchezo unaomfaa kuliko yote, nao huchezwa nchini, kwa mfano katika uwanja wa Kirigiti huko Kiambu.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni uzito. Risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, hubeba kichwa cha takriban gramu 8 kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Nguvu ile ile inayosukuma kichwa mbele husukuma bastola nyuma, na bastola yenye uzito maradufu hurudi kwa nusu ya kasi. CZ Shadow 2, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano, ina uzito wa kilo 1.3 kabla ya kutiwa risasi. Inapofyatuliwa hutikisika kidogo tu, kilengeo cha mbele hurudi mahali pake mara moja, na risasi ya pili hutoka upesi. Glock 19 iliyojaa risasi zake 15 haifiki hata kilo moja, basi teke lake huhisiwa zaidi. Lakini mvike Shadow 2 mtu wa Mombasa anayepanda matatu Nyali, akashuka Posta, akatembea hadi Marikiti kwenye jua la saa saba mchana. Baada ya wiki moja itakuwa inalala nyumbani, na bastola inayolala nyumbani si ya kubeba tena. IDPA yenyewe iliona hivyo ilipoweka kikomo cha uzito na kutaka bastola iingie katika kisanduku chenye vipimo maalumu.

Kati ya ncha hizo mbili ipo CZ 75, bastola ya chuma tupu yenye kilo moja iliyoundwa na ndugu František na Josef Koucký huko Chekoslovakia. Jina la kiwanda chake, Česká zbrojovka, ndilo lililozaa neno Ceska katika magazeti ya Kenya, ambayo siku hizi huandika “bastola aina ya Ceska” kwa wepesi ule ule wa kuuita mtandio wowote leso. Bastola hiyo hukaa chini mkononi, na mpini wake huwafaa wengi. Tatizo ni mvuto wa kwanza wa kifyatulio. Nyundo ikiwa imelala, kidole huvuta njia ndefu na nzito kabla mlio haujatoka. Mvuto wa pili na inayofuata huwa mifupi na myepesi. Mtu hulazimika kujifunza mivuto miwili, na ule mgumu ndio unaokuja wakati moyo unadunda zaidi. Glock na nyingine za aina yake huvutwa kwa namna moja tu tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa anayeanza hilo humpunguzia jambo moja la kuhangaikia.

Kipimo cha mkono hupuuzwa dukani kuliko kipimo chochote. Bastola ikishikwa sawasawa, mtutu ukiwa katika mstari mmoja na mfupa wa mkono, ncha ya kidole cha shahada inapaswa kufika kwenye kifyatulio bila kunyooshwa wala kukunjwa sana. Mpini ukiwa mnene, kidole hufika kwa shida na husukuma kando, na risasi za mtu wa mkono wa kulia huelekea kushoto. Ukiwa mwembamba mno, kidole huzama mno na kuzipeleka kulia. Hapo bastola ndiyo iliyokosewa kuchaguliwa, wala si macho ya mlengaji.

Kuhusu ukubwa wa risasi, kanuni za mashindano zimemaliza ubishi mwingi. IPSC huzidisha uzito wa kichwa kwa kasi yake ili kuhakikisha hakuna anayetumia risasi dhaifu kwa ajili ya kupunguza teke. Kwa daraja la chini, kichwa cha gramu 8 kinapaswa kuvuka mita 308 hivi kwa sekunde, na risasi ya kawaida ya milimita 9 huvuka hapo bila taabu. Risasi kubwa zaidi huongeza teke na gharama. Nchini Kenya, ambako kila risasi inahesabiwa kwenye cheti, mazoezi ya risasi mia za aina ya bei nafuu humpa mtu faida kuliko risasi thelathini za aina ya kutisha.

Kulenga kwenyewe ni hesabu ndogo. Tuseme kilengeo cha mbele na cha nyuma vimeachana kwa milimita 150. Mkono ukitetemeka, lakini vilengeo viwili vikabaki katika mstari mmoja, bastola nzima ikahama milimita 5 kushoto, risasi nayo itapiga milimita 5 kushoto, iwe mita 5 au mita 25. Lakini kilengeo cha mbele kikiegemea upande kwa milimita moja tu ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma, kosa hukua na umbali: milimita 67 kwenye mita 10, na milimita 167 kwenye mita 25. Milimita moja! Kwa sababu hiyo walimu huwaambia wanafunzi watazame kilengeo cha mbele hadi waone makali yake, na shabaha iachwe iwe ukungu. Mwanafunzi mpya hufanya kinyume, kwa kuwa macho ya binadamu hupenda kutazama kinachomtisha au anachokitamani. Duara la kifuani la IDPA lisilotoza adhabu lina kipenyo cha sentimita 20, na mkono unaotetemeka hauzuii kulipiga. Kinacholikosa ni mkono unaojaribu kusubiri mtetemeko ukome, halafu ukakamata kifyatulio ghafla pale vilengeo vinapopita mahali sahihi.

Kifyatulio huvutwa nyuma moja kwa moja, shinikizo likiongezeka polepole, vidole vingine vikiwa vimebana kiasi kile kile. Mkono wa pili hubana zaidi kuliko ule unaofyatua. Kosa la kawaida ni kubana ngumi nzima pamoja na kidole, mdomo wa bastola ukainama kabla risasi haijatoka, na matobo yakajikusanya chini ya shabaha. Dawa yake haihitaji baruti. Bastola isiyo na risasi, iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa zimewekwa chumba kingine, huelekezwa kwenye ukuta imara na kifyatulio kikavutwa mara hamsini huku mtu akichunga kilengeo cha mbele kisitikisike. Dakika kumi za namna hiyo kila jioni hufundisha mengi kuliko safari moja ya uwanjani kwa mwezi.

Kuvaa bastola Mombasa kuna mashaka yasiyojulikana Nairobi. Nairobi koti linazoeleka. Pwani anayevaa koti saa nane mchana ametangaza kwamba kuna kitu anakificha. Kilichobaki ni shati jepesi la kuning’inia. Shati hilo likilowa jasho, au upepo wa bahari ukilipuliza pembeni ya Ngome ya Yesu, umbo la mpini huonekana wazi. Kitambaa chenye maua au mistari huficha vizuri kuliko cheupe kitupu. Mkanda uwe mgumu usiopinda, maana mkanda laini hulegea na mpini ukajitenga na mwili. Mwenye kanzu ana tabu yake: kanzu huficha kila kitu, ila mkono hauna njia ya kufikia kiuno isipokuwa kwa kuipandisha nguo nzima. Jambia la zamani lilikaa mbele juu ya kanzu, machoni pa watu wote. Bastola hairuhusu fahari hiyo, na kuionyesha bila sababu ni njia ya haraka ya kupoteza cheti. Mkoba wa begani si mahali pa bastola, kwa vile mporaji akiunyakua huondoka na vyote.

Kuichomoa bastola kutoka chini ya shati huenda kwa mpangilio. Mkono wa kushoto hushika pindo la shati na kulipandisha juu hadi kifuani. Wa kulia hushuka na kukamata mpini kwa mshiko kamili tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna muda wa kuurekebisha baadaye. Bastola hupanda wima, huelekezwa mbele, mikono hukutana kifuani na kusukumwa pamoja. Kidole hukaa nje ya kifyatulio hadi vilengeo vifike kwenye shabaha. Katika IDPA zoezi hili hupimwa kwa saa, na ni hapo bastola ya mashindano na ya kiunoni hukutana kabisa.

Mji wa Kale wa Mombasa huongeza swali ambalo uwanja wa mazoezi umelimaliza kwa kilima cha udongo: risasi itaishia wapi? Vichochoro vinavyotoka Ndia Kuu kuelekea Kibokoni ni vyembamba, watu wamekaa kwenye baraza pande zote, watoto wanakatiza. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene na risasi ya bastola haizipenyi, lakini ikizigonga kwa mshazari hudunda na kufuata kichochoro. Mlango wa mbao, mabati na kioo haviizuii. Kwa hiyo katika mji kama huo mara nyingi uamuzi sahihi wa mtu mwenye silaha ni kuondoka.

Nchini Kenya mfano unaojulikana zaidi wa bastola ya raia kutumika kwa dhati ni shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Jumamosi ya 21 Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Saa za mwanzo kabisa raia wachache wenye vyeti, miongoni mwao Abdul Haji, waliingia na bastola pamoja na polisi waliovaa kiraia, mbele ya washambuliaji wanne wenye bunduki kubwa. Kiufundi mizani haikuwa sawa hata kidogo, kwa masafa, kwa risasi, kwa nguvu ya kupenya. Walichokifanya ni kushika pembe na vizuizi, kuwafyatulia washambuliaji kila walipojitokeza ili wasiwe huru kusogea, na kuwapitisha wateja waliojificha hadi nje. Hayo ndiyo ambayo IDPA huyafanyia mazoezi: kujikinga, kuhesabu risasi zilizobaki, kusogea. Katika picha za siku ile bastola zao ni za kawaida kabisa.

Adui wa kila siku wa bastola ya Mombasa ni chumvi. Upepo wa bahari na jasho la kiunoni huweka madoa ya kutu kwenye chuma ndani ya siku chache, hasa kwenye skrubu za mpini, kilengeo cha nyuma na ndani ya mtutu. Bastola za polima zenye slaidi iliyotiwa dawa ngumu huvumilia kuliko CZ ya zamani iliyopakwa rangi. Ala ya bastola ya ngozi hunywa jasho na kulirudisha kwenye chuma usiku kucha, basi plastiki ngumu hufaa zaidi. Risasi zenyewe hubadilika rangi, shaba ikawa ya kijani. Zinazokaa kwenye magazini mwezi baada ya mwezi hufaa kutumiwa mazoezini na kubadilishwa.

Jioni bastola husafishwa kwa kitambaa chenye mafuta machache na kufungiwa kwenye sanduku la chuma pamoja na pakiti ya kufyonza unyevu. Kabla ya hapo hupakuliwa, na mpangilio wa hatua ni muhimu. Magazini hutolewa kwanza, ndipo slaidi ikavutwa nyuma, risasi iliyo chembani ikaruka, na chemba ikachunguzwa kwa jicho na kwa kidole. Anayeanza na slaidi huirusha risasi moja nje, lakini slaidi ikirudi huchukua nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma chembani. Kisha huichomoa magazini, akaitazama mezani, akaamini kwamba bastola mkononi mwake ni tupu.