Neno "Utendaji" Katika Istilahi za Kompyuta

Neno "utendaji" limekwisha kuzoeleka katika tafsiri za maandishi ya kompyuta. Limetolewa ofisini, ambako hupima kazi ya mtumishi, likavishwa mashine. Sina ugomvi na asili yake. Lakini mwanafunzi anayetunga mchezo wake wa kwanza, tuseme mpira unaodunda kati ya kuta mbili, akiambiwa kuwa programu yake ina "utendaji mbaya", hajui aanzie wapi kuitengeneza.

Dosari zenyewe aghalabu ni mbili, wala hazifanani. Mashine ikitakiwa kuchora picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde zisizozidi 17. Mwanafunzi huweka ndani ya mzunguko amri ya kusoma taswira ya mpira kutoka diskini, ikasomwa upya kila mara badala ya mara moja tu mwanzoni. Muda hautoshi, picha zapungua. Dosari ya pili ni kuamuru mpira usogee nukta 5 kwa kila picha, pasipo kuhesabu muda uliopita. Katika mashine dhaifu mpira hutambaa. Katika iliyo na nguvu huruka kama jiwe la manati. Hapo mashine haina kosa.

Tofauti hii yaonekana wazi katika Space Invaders, mchezo alioutunga Tomohiro Nishikado huko Japani mwaka 1978. Maadui walikuwa 55, na katika kila picha alisogezwa mmoja tu. Kadiri walivyouawa, zamu iliwarudia upesi waliosalia, wakaenda mbio. Mfasiri atakayeandika kuwa "utendaji uliongezeka" atapotosha: picha kwa sekunde zilikuwa zile zile, kilichozidi ni mwendo wa maadui.

Napendekeza basi "mwendo wa mchezo" kwa vitu vinavyosogea, na "wingi wa picha" kwa idadi ya picha katika sekunde. "Kasi ya picha" nimeiacha, kwani kasi ndiyo inayotatanisha. Wako wanaopenda "fremu". Lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam fremu ni chumba cha duka, na hulipiwa kodi. "Utendaji" libaki kuwa jina la jumla, litumike pale tu ambapo chanzo cha dosari hakijajulikana.