Urefu wa Vita Katika Michezo ya Mezani ya Kuigiza Wahusika

Lawama moja husikika kila michezo ya mezani ya kuigiza wahusika inapozungumzwa, nayo ni kwamba vita vyake huchukua muda mrefu mno. Watu huketi mapema jioni wakitumaini kuvuka mlima na kufika mjini, wakainuka usiku wa manane hali wangali mlimani, wakipigana na wanyang'anyi walewale. Lawama hii ina kweli ndani yake, walakini haijachambuliwa vya kutosha. Wengi huushika urefu wenyewe kuwa ndio kosa, na dawa waitafutayo ni haraka. Katika insha hii nataka kuonyesha ya kuwa kosa haliko katika urefu wa vita, bali katika kuendelea kwa vita baada ya shaka la matokeo kwisha.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, maneno machache yatosha. Watu wanne au watano huizunguka meza, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake. Mtu mwingine, mwongozaji, huisimulia dunia wanamopita na kuwasemea watu na mazimwi wote wakutanao nao. Jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Ulizaliwa katika michezo ya vita ya sanamu ndogo, na mtoto hakosi kufanana na mzazi wake: sehemu kubwa ya kanuni zake ni kanuni za mapigano.

Wahakiki wa hadithi hutenga nyakati mbili, wakati wa kisa na wakati wa kusimulia. Mtunzi aweza kuipitisha miaka kumi katika sentensi moja, na kulikawiza pigo moja la upanga katika kurasa tatu. Mezani nyakati hizi mbili zapimika kwa saa ya ukutani. Katika kitabu cha mwongozaji cha mwaka 1979 duru moja ya mapigano ilikuwa dakika 1 ya kisa. Katika toleo la mwaka 2000, na katika lile la mwaka 2014, ni sekunde 6. Tuchukue hesabu ya mfano. Wapo wachezaji watano na mwongozaji wao, na kila mmoja hutumia dakika 2 kwa zamu yake. Duru moja itakula dakika 12, na duru tano zitakula saa nzima. Kwa kanuni ya sekunde 6, saa hiyo yote ni nusu dakika ya kisa. Tena katika saa hiyo kila mchezaji ametenda kwa dakika 10 na kungoja kwa dakika 50.

Je, kukawia huku ni kosa? La, si lazima. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na msikilizaji aliujua mwisho wake kabla ya kuketi. Hakuondoka, kwa kuwa maneno yenyewe, vina vyake na mafunzo yake vilimshika. Mchezo wa mezani hauna vina wala mizani ya kumshika mtu. Kinachomshika ni kutojua: kutojua kama daraja litavukwa, kama rafiki atapona, kama dadu itageuka. Maadamu hajui, saa moja kwake ni fupi. Akishajua, dakika kumi ni adhabu.

Hapa ndipo kanuni zenyewe zinapostahili kuhukumiwa. Desturi ya Dungeons & Dragons ni kumpa kila mpiganaji alama za uhai, na kumwacha apigane kwa nguvu zilezile mpaka alama ya mwisho imtoke. Zimwi lililobakiwa na alama moja hupiga sawasawa na lilipokuwa na alama mia. Kwa hiyo aghalabu hufika wakati ambapo kila aliyeketi amekwisha kumjua mshindi, lakini hesabu ya kutoa haijafika sifuri. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilisifiwa kwa ufundi wa mapigano yake juu ya miraba, na likalaumiwa kwa urefu wake. Watungaji walirekebisha hesabu zao katika kitabu cha tatu cha mazimwi, mwaka 2010, na jambo mojawapo walilofanya ni kuongeza madhara ya mapigo ya mazimwi. Msomaji aangalie maana ya tendo hilo: kwa njia hiyo walirudisha hatari vitani, na pamoja na hatari, shaka.

Dawa nyingine ni ya zamani zaidi. Kitabu cha mafunzo ya kwanza cha mwaka 1981, kilichohaririwa na Tom Moldvay, kilikuwa na kanuni ya hiari kuhusu moyo wa maadui. Kila aina ya adui ilipewa hesabu kati ya 2 na 12. Adui wa kwanza akifa, na tena nusu yao wakishindwa, mwongozaji alitupa dadu mbili. Jumla ikizidi hesabu yao, walikimbia au kusalimu amri. Kanuni hii yajua jambo ambalo kila aliyesoma habari za vita alijua, ya kuwa majeshi huvunjika moyo kabla ya kumalizika miili. Toleo la mwaka 2000 halikuichukua, na kwa kuiacha likawafanya wanyang'anyi wa njiani wafe wote kama mashahidi wa dini.

Wengine waliutatua mwisho kwa njia nyingine. Mchezo wa Hero Wars wa mwaka 2000, ambao kanuni zake zilitungwa na Robin D. Laws, hutenga njia mbili za kuamua pambano: fupi, ya kutupa dadu mara moja, na ndefu, yenye hatua nyingi kwa jambo lenye uzito. Katika 13th Age, wa mwaka 2013, dadu moja huwekwa mezani katika duru ya pili ikionyesha 1, nayo hupandishwa kila duru mpaka 6, na mashujaa huiongeza hesabu hiyo katika mapigo yao. Watungaji wake ni Rob Heinsoo, aliyeongoza utungaji wa toleo la mwaka 2008, na Jonathan Tweet, mmoja wa watungaji wa lile la mwaka 2000. Mwashi aliyejenga ukuta ndiye ajuaye pa kuubomolea.

Yupo atakayeuliza: kwa nini mwongozaji asikate vita kwa kauli yake pindi mshindi anapojulikana? Swali hili lina historia. Mchezo wa vita wa maofisa wa Prussia, uliotolewa na Reisswitz mwaka 1824, uliamua mambo kwa dadu na majedwali. Mwaka 1876 Verdy du Vernois alishauri majedwali yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa ujuzi wake. Mchezo ukaenda mbio, lakini haki ya mchezaji ikawa mikononi mwa mtu mmoja. Dadu ina sifa moja isiyopuuzwa, nayo haina upendeleo. Mchezaji aliyeponea alama mbili na akashinda kwa dadu yake mwenyewe ana ushindi usioweza kuitwa zawadi.

Basi hukumu yangu ni hii. Vita vipewe muda wote ambao shaka lake ni hai, hata kama ni usiku kucha, wala wapendao ufundi wa miraba wasionewe. Lakini kanuni njema ni ile inayojua pia kumaliza, kwa moyo wa maadui kuvunjika au kwa dadu kupanda, ili mwongozaji asilazimike kuchagua kati ya kuwachosha wenzake na kuwanyima haki yao. Dakika 50 za kungoja ni sehemu ya maisha ya watu, na mtunzi wa kanuni huzitumia bila wao kumwona.